Tarumbeta Nne Chini ya Pikapu

Jina la Taratibu hakujipa mwenyewe. Alipewa na wachomeleaji wa karakana aliyokuwa akiibebea mageti na madirisha ya chuma, kwa sababu kila walipomhimiza amuwahi mteja aliwajibu, "Taratibu, tutafika." Miaka kumi na sita aliendesha pikapu ile ile nyeupe, yenye mlango wa dereva usiofunguka mpaka upigwe kiwiko, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukwaruza hata ndoo ya mtu. Mkewe alijigamba kwa majirani kwamba mume wake akiwa kwenye usukani, chai ndani ya kikombe haimwagiki. Majirani walimcheka, lakini wakipatwa na mgonjwa wa kukimbizwa hospitali, mlango waliougonga ulikuwa wake.

Kisha ikaja Jumanne moja, kwenye saa tatu asubuhi. Alikuwa anateremka barabara ya sokoni na geti moja na grili mbili nyuma. Kando ya barabara palikuwa pamechimbwa mtaro wa mabomba, kwa hiyo waendao kwa miguu walikuwa wameshuka kwenye lami. Mbele yake mwanamume mmoja alisukuma toroli lililosheheni maboksi yaliyokunjwa, yamepangwa mpaka yakampita kichwa. Taratibu alipiga honi. Mtu yule hakugeuka. Akapiga tena. Halafu ukasikika mshindo kama mlango uliobamizwa, maboksi yakatapakaa barabarani, na wanawake waliokuwa wakiuza nyanya wakaanza kupiga mayowe. Mtu wa toroli alikata roho kabla ya kufikishwa hospitali.

Taratibu aliwekwa ndani siku mbili. Siku ya pili mkaguzi wa magari alikuja kuipima pikapu pale uani kwenye kituo cha polisi. Breki zilikuwa nzima. Usukani mzima, tairi nzima. Alipobonyeza honi, ilitoa mlio mwembamba wa mbuzi mwenye mafua, na askari wawili waliokuwa wakiota jua wakaangua kicheko. Mkaguzi hakucheka. Aliandika kwamba honi ilikuwa dhaifu. Kwenye karatasi nyingine ofisa wa zamu aliandika kwamba marehemu hakusikia honi. Taratibu akapewa onyo, jalada likafungwa kwa jina la ajali, akarudishiwa funguo.

Aliyashika maneno yale mawili, honi dhaifu, akayakumbatia. Alikwenda nayo nyumbani, akala nayo, akalala nayo. Mkewe alipomwambia, "Baba watoto, ni bahati mbaya, Mungu anajua," yeye alijibu, "Si bahati mbaya. Ni honi." Wachomeleaji walipomshika bega kumpa pole aliwajibu hivyo hivyo. Kwa wiki tatu hakula akamaliza sahani. Suruali ikaanza kumpwaya, akatoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari.

Wiki ya nne alikwenda kwa Volti.

Volti alikuwa fundi umeme wa magari, mtu mnene, mwenye mdomo usiokauka maneno, na uwanja wake wa kazi ulikuwa nyuma ya kituo cha mafuta kilichofungwa zamani. Betri zilipangwa ukutani, na nyaya zilining'inia kwenye misumari kwa rangi zake. Alimwona Taratibu akiingia, akafuta mikono kwa tambara.

"Karibu, mzee wangu. Leo dinamo au taa?"

"Honi."

"Honi! Hiyo kazi ya kunywea chai. Unataka ya kawaida au ya lori?"

"Nataka kubwa kuliko zote ulizonazo."

Volti alicheka, akadhani ni mzaha. Alipoona mwenzake hacheki, aliingia ndani ya kontena akatoka amekumbatia boksi lililojaa vumbi. Ndani mlikuwa na tarumbeta nne za chuma zilizopishana urefu, zimefungwa pamoja kwenye kishikio kimoja.

"Hii ni honi ya treni," alisema. "Kijana mmoja aliiagiza kwangu, kisha baba yake akamnyang'anya gari. Hii haitumii umeme kulia, inatumia upepo. Ukiibonyeza mjini, watu watatafuta reli iko wapi. Sasa wewe, mzee mzima, ya nini?"

"Nataka nisikike."

Volti hakuwa na habari ya ajali, au kama alikuwa nayo, haikumjia akilini. Alipandisha mabega, akavuta kipande cha turubai, akalala chini ya pikapu.

Kazi iliwachukua asubuhi nzima na nusu ya mchana. Taratibu hakukubali kukaa kwenye kiti. Alichuchumaa kando ya gari akishika tochi na kupitisha spana kila alipoambiwa. Volti alipima nafasi kati ya chesi, uti wa mgongo wa gari, na sakafu ya bodi, akatoboa matundu manne, akafunga tangi la hewa, tangi jembamba la urefu wa mkono. Nyuma ya tangi aliweka kompresa ndogo ya kulijaza hewa, akaikalisha juu ya vipande vya mpira ili isitetemeshe gari. Tarumbeta alizielekeza mbele, midomo ikiinama kidogo kuelekea chini.

"Ukiziweka zimetazama juu zinakunywa maji ya mvua," alieleza sauti ikitoka chini ya gari. "Siku unayoihitaji, inakutemea tope badala ya mlio."

"Isiwe hivyo," Taratibu alisema haraka. "Siku ninayoihitaji isinikatae."

"Haitakukataa, mzee. Tulia."

Volti aliunga mpira wa hewa kutoka kwenye tangi mpaka kwenye vali, na kutoka kwenye vali mpaka kwenye tarumbeta. Waya mnene mwekundu aliutoa kwenye betri, akaupitisha kwenye fyuzi, akasema asiyeweka fyuzi anajenga jiko ndani ya gari lake. Mwisho alifunga kitufe chini ya dashibodi, pale ambapo goti la dereva lingeweza kukigusa, na kando yake geji ndogo ya kuonyesha nguvu ya hewa. Waliwasha gari. Kompresa ikaanza kunguruma kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Volti alipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, akatazama kama kuna mapovu yanayotokota, akakaza nati moja, akapaka tena.

Sindano ya geji ilipofika mahali pake, kompresa ilinyamaza yenyewe.

"Ziba masikio," Volti alisema. "Na ubonyeze kidogo tu, usi—"

Taratibu hakuziba masikio. Alibonyeza na akaendelea kushikilia.

Vioo vya kontena vilitetemeka. Kunguru wote waliokuwa juu ya paa waliruka kwa pamoja. Ng'ambo ya barabara mwanamke aliyekuwa akianika nguo aliangusha beseni, na mwendesha pikipiki akasimama katikati ya njia akitazama kushoto na kulia. Taratibu alishikilia mpaka mlio ukafifia wenyewe kwa kukosa hewa. Alipoachia, machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni.

"Hii wangeisikia," alisema. "Hii kila mtu angeisikia."

Volti alimtazama, akaanza kukusanya spana zake. Kisha akakohoa, akasema trafiki wakiuliza imefungwa wapi, yeye hajulikani.

Siku zilizofuata mji mzima uliijua pikapu nyeupe. Taratibu alipiga honi ile kwenye kila kona, kila kivuko, kila mahali alipoona mgongo wa mtu. Alimpigia mzee mwenye bakora aliyekuwa bado yuko mbali, na aliipigia hata barabara tupu, asije akatokea mtu. Muuza mayai aliangusha trei mbili, mayai yakapasuka. Mjamzito mmoja aliketi chini palepale alipokuwa, akashika tumbo, na watu wakaitukana pikapu mpaka ikatoweka. Kule karakana jina la Taratibu lilianza kufa, wakamwita Treni.

Jambo ambalo yeye mwenyewe hakuliona, mkewe aliliona. Siku moja alipanda naye kwenda kununua unga, na waliporudi alishuka, akasimama akiwa ameshika mlango.

"Siku hizi unakimbiza gari," alimwambia.

"Mimi?"

"Wewe. Unabonyeza hilo dude, watu wanaruka, unapita. Zamani ulikuwa unasimama."

"Wanasikia sasa. Sina haja ya kusimama."

Mkewe alichukua unga wake akaingia ndani, na kuanzia siku hiyo hakupanda tena. Sokoni alikwenda kwa miguu.

Kulikuwa na jambo moja Taratibu alilojiahidi tangu siku alipotoka kituoni: angekwenda kwa jamaa wa marehemu. Alikuwa akiahirisha kwa sababu hakuwa na la kuwaambia. Angesema nini, pole? Sasa aliona ana kitu mkononi. Angewaambia kasoro ilijulikana na imerekebishwa, na kwamba jambo lile halitampata mtu mwingine kwa gari lile. Aliuliza sokoni, akaelekezwa kwa dada wa marehemu, fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusaga.

Alimkuta barazani, mwanamke wa makamo, mguu mmoja umevimba na umewekwa juu ya kigoda, mwingine ukikanyaga cherehani. Taratibu alijitambulisha akiwa amesimama. Mguu wa mwanamke ulisimama, sindano ikabaki imezama kwenye kitambaa.

"Keti," alisema hatimaye. "Umekuja, basi keti."

Taratibu aliketi kwenye ukingo wa benchi. Alianza kueleza kuhusu mkaguzi, karatasi na honi dhaifu. Alieleza kuhusu tangi la hewa na tarumbeta nne, akaionyesha pikapu kwa kidole. Alizungumza kwa muda mrefu, na kadiri alivyozungumza ndivyo alivyojiona mwepesi. Yule mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Wewe hukuambiwa?" aliuliza.

"Kuambiwa nini, dada?"

"Kaka yangu alikuwa kiziwi. Tangu utotoni, aliugua homa, masikio yakaenda. Ungempigia hata mzinga wa vita asingegeuka."

Taratibu aligeuka kuitazama pikapu.

"Niliwaambia polisi," mwanamke aliendelea. "Wameandika nini?"

"Wameandika marehemu hakusikia honi."

"Basi hawakusema uongo." Alivuta kitambaa kidogo, akakitazama mshono. "Alikuwa anageuka nyuma kila baada ya hatua chache, hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake. Lakini siku ile kando kulikuwa na mtaro, na toroli lilikuwa zito, akiliachia linaserereka. Wewe ulimwona?"

"Nilimwona."

"Ulimwona kuanzia wapi?"

Taratibu alitazama sakafu. "Kuanzia pale kwenye duka la dawa."

"Duka la dawa." Mwanamke alitikisa kichwa polepole. "Kutoka duka la dawa mpaka pale alipolala, mimi na mguu wangu huu hupumzika mara mbili. Ulipomwona ulifanya nini?"

"Nilipiga honi."

"Halafu?"

"Nikapiga tena."

"Halafu?"

Nyumba ya jirani kulikuwa na redio ikisoma matangazo ya vifo. Taratibu aliisikiliza kana kwamba jibu lingetoka humo. Alikuwa akilijua jibu tangu Jumanne ile. Alijua mguu wake wa kulia ulikuwa wapi, na ulibaki hapo kwa muda gani, na alijua aliwaza nini: atapisha tu. Watu wote hupisha. Kulikuwa na lori dogo linakuja upande wa pili, asingeweza kulikwepa toroli, na hakutaka kusimama na geti zito nyuma halafu aanze tena kuondoka kwa gia ya kwanza. Hayo tu. Hata haraka hakuwa nayo.

"Halafu nilikuwa nimeshamfikia," alisema.

Mwanamke alichukua mkasi, akakata uzi, akauweka mkasi chini. Hakulia wala hakupandisha sauti.

"Nenda," alisema. "Na ukiondoka usilipige hilo lidude. Nyumba ya pili kuna mtoto mchanga."

Taratibu alitoka hapo akaendesha mpaka kwa Volti kwa gia ya pili. Volti alipoambiwa afungue kila kitu alidhani hakusikia vizuri.

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Itoe."

"Mzee, mwezi haujaisha! Na matundu niliyotoboa je?"

"Yaache."

Volti alilala tena juu ya turubai. Safari hii hakuna aliyemshikia tochi. Alipomaliza, aliweka tarumbeta ndani ya boksi lake, akamkuta Taratibu amekaa kwenye rundo la tairi, ameshika tama. Taratibu hakulitaka boksi. Aliulizia njia ya mkato ya kwenda kituo cha polisi, ingawa aliijua.

Ofisa aliyemhudumia ndiye yule yule wa zamu ya siku ile. Alilitafuta jalada kabatini, akalikung'uta vumbi kwa kiganja.

"Hili limefungwa, mzee. Nenda nyumbani."

"Nataka niongeze maneno, afande. Nilimwona yule mtu. Nilimwona mapema na sikukanyaga breki."

"Kwa nini?"

"Nilidhani atapisha."

Ofisa aliliweka jalada mezani. "Watu huja hapa kuomba wapunguziwe. Wewe unakuja kuomba uongezewe? Nyumbani una matatizo?"

"Sina. Naomba karatasi."

Alipewa karatasi. Aliandika kwa mkono wake, herufi kubwa kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara, ukurasa mmoja na robo. Siku ya tatu waliitwa wote wawili, yeye na dada wa marehemu, ili naye ayasome maelezo mapya na kutia saini. Walikaa kwenye benchi moja, katikati yao nafasi ya mtu mmoja. Mwanamke alisoma akifuata mistari kwa kidole. Alipofika katikati ya ukurasa kidole kilisimama.

"Hapa umeandika alikuwa mbali kidogo."

"Ndiyo."

"Futa kidogo."

Ofisa alimpa kalamu. Taratibu alilikata neno lile kwa mstari mmoja. Mwanamke akaendelea kusoma mpaka mwisho, akatia saini, akainuka kwa kushikilia ukuta. Aliondoka bila kuaga. Hawakukutana tena ila kwa mbali.

Kesi ilisikilizwa siku moja tu. Hakimu alimfungia leseni mwaka mzima na kumpa kifungo cha nje. Jioni hiyo mkewe alimsubiri akiwa amekaa kitandani, mikono juu ya magoti.

"Walikuwa wameshakuachia," alisema. "Wamekufungulia mlango, umetoka, umerudi mwenyewe kuwagongea. Mimi na watoto hukutuuliza."

"Ningewauliza mngekataa."

"Ndiyo, tungekataa! Umejisafisha wewe, sisi umetuacha tukitazama sufuria." Aliinuka kitandani. "Na ulinidanganya. Wiki zote zile ukiniambia honi, honi. Mimi nikienda kuwaambia watu honi."

Kwa muda wa miezi miwili waliishi kama wapangaji wawili, wakiambiana tu chumvi imekwisha na maji yamerudi. Baadaye mazungumzo yalirejea kidogo kidogo, kwa sababu ya watoto na kwa sababu nyumba ilikuwa ndogo, lakini kwa majirani hakujigamba tena kuhusu kikombe cha chai.

Mwenye karakana hakumfukuza. Alimpa kazi ya kusugua kutu kwa msasa na kupaka mageti rangi ya kwanza, ile nyekundu ya kuzuia kutu, na pikapu akapewa dereva mwingine. Taratibu alisugua mwaka mzima. Vidole vilipasuka, kifua kikaanza kumbana asubuhi. Hakulalamika, wala hakuna aliyemwita Treni tena.

Mwaka ulipotimia alirudishiwa leseni. Dereva yule mwingine alikuwa ameacha kazi, na mwenye karakana akamrushia funguo bila maneno mengi. Taratibu alipakia geti la mteja, akatoka uani, akaenda polepole mpaka barabara ya sokoni. Mtaro ulikuwa umefukiwa zamani. Karibu na duka la dawa mwanamke mmoja mwenye ndoo kichwani alianza kuvuka, bado yuko mbali kabisa. Taratibu alikanyaga breki kwa nguvu zote. Geti liligonga kichwa cha gari, injini ikazima, pikapu ikasimama katikati ya njia. Mwanamke alivuka, akafika ng'ambo, akaendelea na safari yake bila kujua lolote.

Nyuma yake magari yalianza kumpigia kelele. Alijaribu kuzungusha ufunguo, lakini ukamponyoka na kuanguka miguuni. Mchomeleaji aliyekuwa amekaa naye aliuokota.

"Mzee, nipishe nikusaidie kuisogeza pembeni."

"Endesha wewe," Taratibu alisema. "Wewe una leseni."

Alipiga mlango kiwiko, akashuka. Alirudi karakana kwa miguu, akitembea juu ya majani ya kando, akigeuka nyuma kila baada ya hatua chache. Mwenye karakana alimwona akiingia peke yake, akataka kuuliza, kisha akaghairi. Geti la siku iliyotangulia lilikuwa bado limeegemezwa ukutani, upande mmoja umepakwa rangi na mwingine bado. Taratibu alikunja mikono ya shati, akachukua kipande cha msasa, akaanza upande ambao ulikuwa haujaguswa.